Kurekebisha

Aprili ile, Birmingham, meza ya kulia ndiyo iliyokuwa ofisi,
na kazi yangu kupaka rangi ramani.
Kata kwa kata. Njano hafifu kwa waliofiwa kidogo,
kisha chungwa, kisha nyekundu, halafu zambarau,
zambarau iliyoiva ikakaribia weusi,
kwa waliofiwa hadi mazishi yakapangiwa zamu.

Kila asubuhi safu za tarakimu:
kwa kila laki moja, wangapi.
Nimezaliwa na lugha yenye neno laki,
sikuhitaji kuhesabu sifuri.
Nilichotaka kujua ni yule mmoja ndani ya laki
anakaa mlango upi,
na nukta ya desimali
inamkata sehemu gani ya mwili.

Mfereji unapita katikati ya ramani, uzi wa bluu.
Kaskazini njano. Kusini zambarau.
Upana wake, mtoto hurusha jiwe likatua ng'ambo.
Virusi havibagui, walisema kwenye televisheni,
havijui tajiri wala maskini.
Nikaitazama ramani. Nikaitazama tena.
Kumbe daraja vinalijua,
na vikishavuka vinajua pa kukata kona.

Mimi nakaa zambarau.
Ukuta kwa ukuta na Ghulam Shabir wa teksi,
aliyebandika nailoni kati ya kiti chake na abiria
kwa gundi ya kahawia, akaigonga kwa ukucha:
"Ndiyo bima yangu hii, jirani."
Mkabala nasi Delphine Mukendi,
aliyekuwa akiogesha vikongwe upande wa njano,
akirudi na basi la mwisho
kwenye vyumba viwili, watu saba, choo kimoja,
na barua ukutani ikimwambia ajitenge.

Njano walikaa ndani. Walifanya vyema.
Lakini mkate haukujipeleka mlangoni.

Alhamisi saa mbili usiku, mtaa mzima makofi,
sufuria, miko, mtu mmoja na vuvuzela.
Delphine hakuyasikia, alikuwa kazini.
Shabir aliyasikia, nadhani,
maana walimtoa wakati huohuo,
na kwa nukta chache watu hawakujua
waendelee kupiga au waache.

Ijumaa, mkutano. Vichwa tisa, visanduku tisa.
Philippa, mtu mwema, paka akipita nyuma yake,
akasema tusitishwe na zambarau.
Tukirekebisha umri, tofauti inapungua.
Tukirekebisha kazi, inapungua zaidi.
Tukirekebisha msongamano, ukungu wa kutani,
sukari, presha, karibu yote inatoweka.
Akabonyeza.
Kweli, ramani ikapauka mbele ya macho yetu
kama shuka la hospitali.

Nikawasha kipaza sauti.
Kiswahili kilinitangulia kinywani, nikakimeza.
Kwetu kurekebisha ni fundi juu ya paa,
misumari midomoni, akiomba apewe nyundo.
Ni kitu kilichokuwa kikivuja, sasa hakivuji.
Nikasema kwa lugha yao, polepole:
kama yote haya yalikuwa yanarekebishika,
mbona hatukuyarekebisha kabla?

Paka akaruka chini.
Mtu akakohoa, akaomba radhi kwa kukohoa.
Philippa akasema swali ni zuri, liandikwe.
Likaandikwa.

Usiku nilikuza ramani hadi ikagoma kukua.
Mtaa wetu ni kinukta kimoja tu.
Shabir yumo humo, na Delphine aliye hai yumo,
na mimi, na kikombe changu cha chai iliyopoa.

Jumatatu nilimwona Nadeem, mwana wa marehemu,
ameinama ndani ya teksi.
Nailoni ilikuwa imebanduka pembe moja,
akaikaza kwa gundi mpya, akaigonga kwa ukucha.
Kati ya vyote nilivyosikia vikitajwa mwezi ule,
hicho ndicho pekee nilichokiona kikirekebishwa.
Kisha akawasha gari,
akakata kushoto darajani,
kuna mtu njano alikuwa akimsubiri.